Maswali ya Wasomaji: Tani ya Matofali Katika Stesheni ya Brixton

Swali: Ndugu Mhariri, nilikwenda London kumtembelea dada yangu anayeishi Brixton. Kila nilipokaa kusubiri treni ya chini ya ardhi niliona ukutani, nyuma ya viti, vigae vyenye picha ya rundo la matofali. Niliuliza kama hapo zamani palikuwa na matanuri ya matofali, lakini sikupata jibu. Tena, katika eneo la Elephant and Castle nilikuta sanamu ya tembo aliyebeba ngome mgongoni. Je, mambo haya yanasimulia historia ya mitaa hiyo?
*Msomaji wa Tanga*

Jibu: Ndugu msomaji, matofali uliyoyaona hayasimulii historia ya Brixton, bali yanalitamka jina lake. Kwa Kiingereza matofali ni bricks na tani ni ton. Yaunganishe maneno hayo mawili kwa haraka, nawe utasikia Brixton. Fumbo hilo ni la msanii Hans Unger. Asili ya jina lenyewe iko mbali kabisa na matofali, kwa kuwa ni jina la kale lililotokana na jiwe la mtu aliyeitwa Beorhtsige.

Stesheni hiyo iko kwenye njia ya Victoria, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1968 na kufika Brixton mwaka 1971. Njia hiyo ina stesheni 16, na kila moja ilipewa picha yake ya vigae ili abiria aitambue kwa kutupa jicho tu. Nyingine ni za kweli tupu: Seven Sisters, yaani Dada Saba, ina picha ya miti saba kwa sababu jina lilitokana na miti iliyokuwapo hapo, jambo ambalo sisi wenye Mnazi Mmoja yetu hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Stockwell ina bata-maji, aliyechukuliwa kutoka kwenye jina la baa ya jirani.

Zinazonivutia zaidi ni zile zinazocheza na sauti ya jina huku zikiiacha maana yake ya asili. Warren Street ilipewa jina la Anne Warren, mke wa mwenye ardhi ile, lakini kwa kuwa neno warren humaanisha pia mashimo ya sungura yenye njia nyingi, msanii Alan Fletcher alichora mzingile. Huko Blackhorse Road kuna farasi mweusi kwenye vigae na mwingine mkubwa kwenye ukuta wa nje, ilhali barabara hiyo hapo awali iliitwa Black House Lane, yaani njia ya Nyumba Nyeusi. House ikageuka horse vinywani mwa watu, nyumba ikawa farasi, na farasi huyo sasa ana sanamu yake! Sijui ushahidi mzuri kuliko huu wa jinsi ulimi wa watu unavyoweza kuumba kitu kisichokuwapo.

Kuhusu tembo wako, mambo ni kinyume chake, kwani hapo alama ndiyo iliyozaa jina. Palikuwa na nyumba ya wageni iliyoitwa Elephant and Castle, na jina lake limeandikwa kwenye kumbukumbu za mwaka 1765. Tembo mwenye ngome mgongoni ni nembo ya zamani, na chama cha mafundi visu wa London, waliotumia pembe za ndovu kutengenezea mipini, wanayo hadi leo. Wako wanaosimulia kwamba jina hilo ni matamshi yaliyopotoka ya cheo cha binti mfalme wa Hispania, Infanta de Castilla, lakini simulizi hiyo haina ushahidi, nami nakusihi usiieneze. Sanamu uliyoiona ilisimama kwa miaka mingi kwenye jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1965, na jengo hilo lilipofungwa mwaka 2020 ili libomolewe, tembo alihamishiwa jirani, Castle Square.