Ukitaja wimbo waliouacha, taja na utakaoutoa

Bendi iliyovunjika ikirudi jukwaani, shoo haiishi taa za uwanja zinapowashwa. Inaendelea njiani, kwenye simu, kesho yake kazini, na swali ni lile lile: mbona hawakupiga ule? Nimekaa katika mazungumzo hayo kwa miaka mingi, pamoja na watu wanaojua kila rekodi na wengine waliokamata vibao viwili vitatu tu, na nayapenda kuliko mazungumzo ya nyimbo zilizopigwa. Mtu akisimulia wimbo alioupata, husema ulikuwa mtamu, basi. Akisimulia alioukosa, atakueleza alikuwa akiishi wapi alipousikia mara ya kwanza, gitaa linaingia wapi, na ni nani alikuwa akimwambia apunguze sauti. Ndiyo maana huniuma mazungumzo hayo yanapogeuka manung'uniko, kila mmoja akitupa majina kumi ya nyimbo na kwenda zake. Ninayoandika hapa ni yale ambayo nimeyaona yakiyapa uhai.

Kubwa kuliko yote ni hili: ukitaja wimbo uliotaka upigwe, taja na wimbo utakaoutoa ili huo upate nafasi. Uwanja una saa ya kufungwa, mwimbaji ana koo moja, na saa mbili ni saa mbili. Anayeongeza bila kutoa anaota tu, na ndoto haina ubishi ndani yake. Akilazimika kutoa, ghafla lazima apime, na hapo ndipo unapojua anaupenda wimbo wake kiasi gani.

Chukua Oasis, bendi ya roki ya Uingereza ya ndugu wawili, mwimbaji Liam Gallagher na mpiga gitaa Noel, ambaye naye huimba baadhi ya nyimbo. Walivunjika tarehe 28 Agosti 2009 mjini Paris, wakarudi jukwaani tarehe 4 Julai 2025 mjini Cardiff, na ziara ilipofungwa São Paulo mwezi Novemba walikuwa wamefanya shoo 41. Orodha ilikuwa ya nyimbo 23, na kutoka mji hadi mji karibu haikuguswa. Sasa angalia kilichomo. Bendi hiyo ilishika namba moja kwenye chati ya Uingereza mara nane. Kati ya nyimbo hizo nane walipiga tatu: "Some Might Say", "Don't Look Back in Anger" na "D'You Know What I Mean?". Tano zikabaki nyumbani: "All Around the World", "Go Let It Out", "The Hindu Times", "Lyla" na "The Importance of Being Idle". Lakini nafasi ya nyimbo tano nyingine, zilizotoka kwanza kama upande wa pili wa singo, yaani nyimbo za ziada kwenye rekodi ya kibao kimoja, ilikuwepo: "Acquiesce", "Fade Away", "Talk Tonight", "Half the World Away" na "The Masterplan".

Ukiwa na takwimu hizo mkononi, lalamiko la kawaida, kwamba walipiga vibao vikubwa tu, linaanguka lenyewe. Hawakufuata chati. Walichagua kipindi. Kati ya albamu nne walizotoa kuanzia mwaka 2000 hadi 2008, uliopita mlangoni ni wimbo mmoja peke yake, "Little by Little" wa mwaka 2002. Nyingine zote ni za miaka ya tisini. Hilo ndilo jambo la kujadili, na ni jambo zito: je, bendi ikirudi, inarudi na maisha yake yote au inarudi na ile sehemu ambayo kila mtu anakubali ilikuwa nzuri? Mimi nasema irudi na yote. Kuna watu walioanza kuwasikiliza mwaka 2005, na kwao "Lyla" ndiyo mlango walioingilia. Watu hao walilipa kiingilio sawa na wengine, na sioni kwa nini ujana wao uhesabiwe kuwa mdogo kuliko ujana wa waliowatangulia.

Haya, tutoe. Wengi hutaka kuingiza "The Importance of Being Idle" na kutoa "Roll With It". Nami nilifikiri hivyo mpaka nilipoutazama mpangilio vizuri. "The Importance of Being Idle" huimbwa na Noel Gallagher, na Noel alipewa nyimbo tatu mfululizo katikati ya shoo, wakati Liam akipumzisha koo. Ukiweka wimbo wa Noel mahali pa wimbo wa Liam, umeongeza mapumziko na kupunguza ngumi. Kwa hiyo anayeutaka huo atoe wimbo wa Noel: "Talk Tonight", "Half the World Away" au "Little by Little". Na anayetaka kuitoa "Roll With It" alete wimbo wa Liam wenye mwendo wa kushabihiana nayo; "Go Let It Out" ingekaa pale vizuri. Ubadilishanaji wa namna hii ukianza, watu ambao hawakuwa na la kusema wanaanza kusema. Nimeona jioni nzima ikiisha kwenye nafasi moja tu ya orodha, na hakuna aliyechoka.

Jambo linalofuata: kabla hujaikasirikia bendi, jiulize nani alikuwa anaucheza wimbo huo na yuko wapi leo. Led Zeppelin, bendi ya roki ya Uingereza, waliporudi kwa usiku mmoja London, tarehe 10 Desemba 2007, ngoma zilipigwa na Jason Bonham, mtoto wa John Bonham, mpiga ngoma wao aliyefariki mwaka 1980. Mwimbaji wao, Robert Plant, alikuwa na miaka 59. Nyimbo kadhaa zilishushwa ufunguo, yaani zilipigwa kwa noti za chini zaidi, ili sauti yake izifikie, na kwa sikio langu zilipata uzito ambao hazikuwa nao zamani. Walipiga nyimbo 16. "Immigrant Song" haikuwamo, na hadi leo kuna watu hawajawasamehe. Mimi huwaomba wausikilize tena ule ukelele wa mwanzo, uliorekodiwa Plant akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kisha waniambie kama wangependa kweli kuusikia ukishushwa. Kuna wimbo unaoweza kushuka nao ukabaki wimbo. Huo ukiushusha, umeondoa kilichowafanya watu waupende.

Usiku huo huo wa London ndio unaonipa hoja dhidi ya bendi nyingine zote. Katikati ya orodha waliweka "For Your Life", wimbo wa albamu yao ya mwaka 1976 ambao hawakuwahi kuupiga jukwaani hata siku moja, hata enzi zao. Usiku mmoja tu, mamilioni ya watu walioomba tiketi wakakosa, dunia inatazama, na wao wakachukua dakika kadhaa kupiga kitu ambacho hakuna aliyekitegemea. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba uwanja mkubwa hauvumilii wimbo usiojulikana, sikubali. Mtu aliyewasubiri Oasis miaka kumi na sita hatashindwa kusubiri dakika nne. Kila bendi inayorudi inaweza kutoa zawadi moja ya aina hiyo, na mashabiki tukiomba, tuombe hiyo moja badala ya kuleta orodha ya thelathini.

Mkono nao husahau, na hili shabiki hulisahau haraka. Orchestra Baobab ya Dakar, iliyoanzishwa mwaka 1970, ilisambaratika miaka ya themanini na kurudi mwaka 2001. Mpiga gitaa wao, Barthélemy Attisso, alikuwa amerudi kwao Togo kufanya kazi ya uwakili, na gitaa alikuwa ameliweka chini kwa miaka. Ilibidi aanze kujinoa upya. Ukisikiliza albamu waliyotoa mwaka 2002, "Specialist in All Styles", huwezi kudhani, maana vidole vile vinateleza kana kwamba havikupumzika. Lakini kila wimbo wa zamani uliorudi ulirudi kwa kazi. Bendi yenye miaka kumi na kitu ya rekodi haiwezi kurudisha vyote kwa mkupuo, na ambao umeachwa leo huenda uko kwenye foleni ya mazoezi. Kwa bendi inayoendelea baada ya kurudi, ushauri wangu ni subira. Kwa bendi iliyorudi kwa usiku mmoja, subira haina maana, na hapo una haki ya kusikitika.

Kusikitika huko kuna tiba, na tiba yenyewe imenisaidia zaidi ya mara moja: itafute nusu ya bendi. Pink Floyd, nao bendi ya roki ya Uingereza, walirudi wote wanne, Waters, Gilmour, Mason na Wright, tarehe 2 Julai 2005 kwenye tamasha la Live 8 pale Hyde Park, London. Walikuwa na muda mfupi. "Wish You Were Here" waliielekeza kwa Syd Barrett, mwanzilishi mwenzao aliyekuwa ameondoka kwenye bendi zamani, na shoo yote ikaisha kabla koo halijakauka. Waliopenda "Echoes" walirudi mikono mitupu, na kwa haki, kwa sababu wimbo huo peke yake ni karibu dakika 23 na ungekula karibu muda wao wote. Ila mwaka uliofuata David Gilmour alifanya ziara yake mwenyewe, Richard Wright akiwa kwenye kinanda, na "Echoes" ikapigwa, sauti zao mbili zikipanda pamoja kama kwenye rekodi. Ipo kwenye albamu ya "Live in Gdańsk". Wright alifariki Septemba 2008, na Gilmour akasema bila yeye wimbo ule haupigiki tena. Shabiki aliyekaa akisubiri bendi nzima irudi aliukosa. Aliyefuata nusu yake aliupata, na kwa wimbo huo nusu hiyo ndiyo iliyokuwa na sauti zote mbili.

Kwa Oasis ni vivyo hivyo. Liam alizunguka mwaka 2024 akipiga albamu ya kwanza ya bendi, na "Columbia", ambayo haikuonekana 2025, ilikuwamo. "The Importance of Being Idle" Noel ameipiga na bendi yake mwenyewe mara nyingi. Kabla hujasema wimbo fulani umezikwa, tafuta kwanza.

Kuhusu kuisoma orodha kabla ya kwenda kwenye shoo, najua wengi wataniona mharibifu, lakini mimi naisoma. Kama moyo wako umening'inia kwenye wimbo mmoja, ni afadhali ujue mapema kwamba haumo. Utasikitika siku hiyo, peke yako, halafu utakwenda uwanjani masikio yakiwa wazi. Asiyejua husimama saa mbili nzima akingoja, kila wimbo unapoanza akisema moyoni "si huu", na anarudi nyumbani akiwa hajasikia kitu. Ila usimwambie mwenzako asiyetaka kujua. Hilo halihitaji maelezo.

Na mtu akikuuliza kwa nini unautaka wimbo fulani, usimjibu kwamba ni mzuri. Nyimbo zote wanazokosa watu ni nzuri. Mwambie ni wapi. Rafiki yangu mmoja alitetea wimbo ambao sisi wengine tulikuwa tukiuruka, na hoja yake ilikuwa moja: besi haifuati ngoma kwenye ubeti wa pili, inaimba wimbo wake. Tuliuweka papo hapo. Ubeti wa kwanza tulikuwa tunapiga soga, wa pili ulipoanza tukanyamaza wote. Sijui kama alitushawishi kwamba ulistahili kupigwa uwanjani, lakini tangu siku ile hakuna anayeuruka.

Kuna matakwa ambayo hayabishaniwi. Nilishawahi kumsikia mtu akisema alitaka wimbo fulani kwa sababu ndugu yake aliupenda, na ndugu huyo alifariki kabla bendi haijapatana. Mwenzetu mmoja akaanza kueleza kwamba wimbo ule ni mwepesi mno kwa shoo kama ile. Alikuwa sahihi kimuziki, na alipaswa kunyamaza. Hapo kanuni yangu ya kutoa na kuingiza haifanyi kazi. Wimbo wa mtu wa namna hiyo uingie bila kudaiwa chochote.

Wangu mimi unadaiwa, kwa hiyo nalipa. Oasis wakirudi tena jukwaani, naomba "Gas Panic!" ya mwaka 2000, wimbo ambao Noel aliandika kuhusu hofu iliyokuwa ikimvamia usiku alipokuwa akiachana na dawa za kulevya. Natoa "D'You Know What I Mean?", nikijua kwamba natoa kibao kilichoshika namba moja na kwamba kuna watakaonigombeza. Zote mbili ni ndefu, nzito, za Liam, na zinajengwa taratibu juu ya magitaa mengi, kwa hiyo nafasi ile ile inatosha bila kuvuruga kinachotangulia wala kinachofuata. Mpiga gitaa Gem Archer na mpiga besi Andy Bell, waliosimama jukwaani mwaka 2025, waliupiga Wembley mwaka 2000, na rekodi ya shoo ile, "Familiar to Millions", inauonyesha ukiwa mkali kuliko ulivyo kwenye albamu.