Daftari Langu la Matumizi Mjini Leipzig

Nilifika Leipzig, mji ulio mashariki mwa Ujerumani, Jumamosi jioni mwishoni mwa Septemba 2018, nikiwa na sanduku moja, begi la mgongoni na hesabu niliyoiamini kupita kiasi. Wakati ule mwanafunzi anayetoka nje ya Umoja wa Ulaya alitakiwa kuonyesha euro 8,640 katika akaunti iliyozuiwa, yaani euro 720 za kutoa kila mwezi, ndipo apewe viza. Fedha zile zilikuwa michango ya ukoo mzima, na baba mdogo, aliyekuwa mweka hazina wetu, alinikabidhi karatasi yenye mgawanyo wa kila mwezi: kodi ya chumba, bima ya afya, nauli, chakula. Tangu Septemba 2024 kiwango hicho kimepanda hadi euro 11,904 kwa mwaka, sawa na euro 992 kwa mwezi, lakini kosa lililokuwamo katika karatasi yetu bado naliona kwa vijana wanaoniuliza habari za kwenda kusoma huko. Fungu la chakula hukadiriwa kana kwamba mtu atakula Ulaya kile kile alichokuwa akila Tanga, tofauti ikiwa ni bei tu.

Asubuhi yake nilitoka kutafuta mkate, nikakuta mtaa mzima umefungwa kama siku ya msiba. Sheria ya Ujerumani huyafunga maduka Jumapili na sikukuu, na wiki ile ile Jumatano iliangukia 3 Oktoba, sikukuu ya kuungana tena kwa Ujerumani, maduka yakafungwa mara ya pili. Siku hizo nilikula kwenye vibanda vya kebabu, na Jumapili ya kwanza peke yake ilinila zaidi ya euro 20. Ikiwa ndege yako inatua mwishoni mwa wiki, beba chakula cha siku mbili, na ukumbuke kwamba ndani ya stesheni kubwa za treni baadhi ya maduka huruhusiwa kufungua hata Jumapili. Kila jimbo pia lina sikukuu zake. Katika jimbo la Saxony, ulipo mji wa Leipzig, 31 Oktoba ni sikukuu, lakini jijini Berlin ni siku ya kazi.

Nizungumzie chumba kidogo kabla sijarudi jikoni. Wajerumani wana kodi mbili, ambazo kwa lugha yao huitwa kodi baridi na kodi moto: ya kwanza ni ya kuta tupu, na ya pili imejumlisha joto la nyumba, maji, taka na huduma nyingine, ingawa umeme na intaneti mara nyingi hubaki nje. Tangazo lenye bei ya kuvutia karibu kila mara linataja ile baridi. Amana ya mwenye nyumba inaweza kufikia kodi baridi ya miezi mitatu, jambo linalowatia wageni hofu, lakini sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa mafungu matatu sawa, la kwanza anapoanza kupanga na mengine katika miezi miwili inayofuata. Mimi sikuijua haki hiyo, nikalipa yote kwa mkupuo na kuukabili mwezi wa kwanza mikono mitupu. Kuna pia ada ya redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi, inayodaiwa kwa kila nyumba hata kama hamna televisheni. Mkiishi wanne katika nyumba moja, analipa mmoja na wengine wanamchangia, kwa hiyo usikubali kulipa yako peke yako.

Kilichonikamua hasa upande wa nyumba kilikuwa joto. Majira ya baridi yale niliacha kipasha joto kikiwaka mchana kutwa huku dirisha likiwa wazi kidogo, kwa kuwa nimezoea hewa ipite chumbani. Hesabu ya mwaka ilipokuja, nilidaiwa nyongeza ya euro 214. Jirani yangu Mjerumani alinionyesha wanavyofanya wao: kipasha joto huzimwa, madirisha yote hufunguliwa wazi kabisa kwa dakika tano, kisha hufungwa na joto likarudishwa. Msimu uliofuata nilirudishiwa euro 31, na chumba hakikuota ukungu tena.

Sasa chakula. Daftari langu la Novemba 2018 linaonyesha kwamba nilitumia euro 287 kwa kula, na ukilisoma mstari kwa mstari unamwona mtu anayejaribu kuihamishia Tanga katika jiko la umeme la sahani mbili. Upo unga mweupe wa mahindi kutoka duka la bidhaa za Kiafrika, kadiri ya euro 3 kwa kilo. Zipo ndizi za kupika, dagaa wa kopo, bamia zilizogandishwa, mihogo iliyopakwa nta, mchele wa basmati ingawa mchele wa kawaida ulikuwa nusu ya bei. Kila siku nilikuwa nikizidisha bei za dukani kwa 2,600, maana hivyo ndivyo euro moja ilivyokuwa ikikaribia kwa shilingi zetu, na kila jibu lilinipa uchungu. Hata hivyo, uchungu huo niliumalizia kwenye vitu visivyohusika, nikakataa kununua jibini ya euro moja na nusu huku nikilipia mkungu mdogo wa ndizi bei ya kuku mzima. Kuzidisha kwa shilingi kunafaa wiki ya kwanza ili ujue ulipo. Baada ya hapo acha, ulinganishe bei ya kitu na bei ya kitu kingine katika duka lile lile.

Nilipofanya hivyo niligundua kwamba vyakula rahisi vya Ujerumani ni vile ambavyo bibi zao walikuwa wakila: viazi ulaya, kabichi, karoti, vitunguu, dengu za kahawia, oti, mayai, mkate mweusi, na yale maziwa ya mgando mazito waitayo Quark. Kwa vitu hivyo mtu anashiba wiki nzima kwa fedha ambayo mimi nilikuwa nikiiacha katika duka moja kwa ziara moja. Unga wa ugali nao una mbadala wake. Watu wengi kutoka Afrika hupika kwa chembechembe za ngano ziitwazo Weichweizengrieß, zinazopatikana katika kila duka kwa bei ndogo. Ugali wake ni laini na huvutika zaidi ya wa mahindi, kwa hiyo punguza maji na usiusonge muda mrefu. Polenta, ambayo ni ya mahindi ya njano, ina chembe kubwa, na binafsi siipendi. Ugali wa unga mweupe niliuhifadhi kwa ajili ya Jumamosi, na nadhani ulinipendeza zaidi kwa sababu ulikuwa wa siku moja.

Ugunduzi ulionifurahisha kuliko yote ulitokea Januari, nilipoona mafurushi ya majani ya kijani yaliyojikunja kingoni, yameandikwa Grünkohl. Ilikuwa sukuma wiki, ya kizazi chenye majani ya kujikunja. Wajerumani wa kaskazini huipika muda mrefu kwa soseji na nyama ya nguruwe, wakiamini kwamba hunoga baada ya kupigwa na barafu ya kwanza. Mimi niliikata nyembamba, nikaikaanga kwa kitunguu na nyanya, mwisho nikaitia tui la kopo, na mwenzangu wa nyumbani, ambaye tangu utotoni aliichukia mboga hiyo, akaja na sahani. Ni huyu huyu aliyewahi kufungua madirisha yote usiku wa baridi kali kwa sababu ya dagaa wangu, kwa hiyo niliuhesabu kuwa ushindi. Dagaa kaanga mchana, mlango wa jiko ukiwa umefungwa, na uwaambie watu mapema.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulikubali halikuwa ladha, lilikuwa saa. Kwetu chakula kikuu cha moto kinaweza kuwa cha usiku, familia imekusanyika. Wajerumani wengi hula cha moto mchana, na jioni hula mkate na vitu vya baridi. Desemba mwanafunzi mwenzangu alinialika nyumbani kwa wazazi wake saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja alikuwa na kibao kidogo cha mbao mbele yake badala ya sahani, na katikati kulikuwa na mkate uliokatwa, jibini za aina tatu, matango ya siki, mayai ya kuchemsha na siagi. Nilikula kipande kimoja kwa adabu, nikijiwekea nafasi, nikisubiri chakula kiletwe. Mama mwenye nyumba akaniuliza mara mbili kama nimeshiba, nikajibu kwa unyenyekevu kwamba nimeshiba, na mara ya pili akaanza kuondoa vibao. Nilirudi kwangu na njaa saa tatu usiku, nikapika wali. Hapo nilijifunza mambo mawili: kwamba kile kilikuwa ndicho chakula chenyewe, na kwamba Mjerumani akiuliza kama umeshiba anataka jibu la kweli, halazimishi mara ya tatu na ya nne kama shangazi zangu.

Nilipoufuata utaratibu huo, matumizi yalishuka haraka kuliko nilivyotarajia. Mchana nilikula katika bwalo la chuo, ambako mwanafunzi hulipa bei ndogo kuliko mfanyakazi au mgeni kwa sahani ile ile, na jioni nikala mkate mweusi, ambao mwanzoni niliuona kama tofali na sasa nikila mweupe naona sijala. Machi 2019 daftari linaonyesha euro 148. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na mambo madogo. Maji ya bomba ni salama, kwa hiyo niliacha kubeba katoni za chupa. Kila chupa ya plastiki ya kutupwa ina amana ya senti 25, na chupa nyingi za bia zina senti 8, zinazorudishwa na mashine dukani. Mwezi wa kwanza nilizitupa zote pamoja na fedha yake. Vyakula vinavyokaribia tarehe hupunguzwa bei na kubandikwa karatasi ya rangi, na inafaa ujue kwamba kuna tarehe mbili tofauti: moja huahidi tu ubora hadi siku hiyo, na nyingine, inayowekwa kwenye vitu kama nyama ya kusaga, ndiyo isiyofaa kuvukwa.

Kwa Waislamu wenzangu, nyama nilinunua katika maduka ya Waturuki na Waarabu ya mtaa wa Eisenbahnstraße, ambako pia kunde, dengu na bizari zilikuwa nafuu kuliko kwenye duka la bidhaa za Kiafrika. Bwalo la chuo huweka alama kwenye chakula chenye nguruwe. Panapohitaji macho ni pasipotarajiwa: peremende za kutafuna zenye jelatini, na baadhi ya brezeli, ile mikate yao midogo ya kusokotwa, zinazokandwa kwa mafuta ya nguruwe.

Kuhusu kula nje pamoja na wenzako, mhudumu atauliza kama mnalipa pamoja au kila mtu na lake, na jibu la kawaida ni la pili. Kuambiwa “twende tukale” hakumaanishi utalipiwa. Atakayekulipia hutumia kitenzi chao cha kualika, einladen, na mwenye siku ya kuzaliwa mara nyingi ndiye anayewalipia wageni wake, kwa hiyo usitangaze yako ovyo. Mimi niliagiza kuku mzima wa kuokwa mara moja nikidhani nimealikwa, na nauli ya wiki ile nilikopa.

Limebaki sanduku la safari. Nyama na vitu vya maziwa kutoka Tanzania haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya katika mizigo ya abiria, kwa hiyo samli ya bibi iache nyumbani. Samaki wanaruhusiwa kwa matumizi yako hadi kilo 20, na dagaa wakavu wamo humo. Matunda mabichi sasa huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa machache kama ndizi, nanasi, nazi na tende. Maembe hayamo, hata yakiwa ya Muheza. Iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga beba kwa wingi, kwa kuwa huko huuzwa kwa vichupa vidogo vya bei kubwa. Na beba mwiko. Mimi nilidharau nikanunua kijiko cha mbao dukani, kikavunjika mkononi kwenye ugali wa pili, na mwiko wangu ukaja kufika Februari, umefungwa kwa gazeti ndani ya begi la mtu niliyekuwa simjui, aliyepanda treni kutoka Frankfurt kuniletea.