Ile filamu ya waipa

Kaka, uliyoiulizia, ya mtu anayepambana na Ford kwa sababu ya waipa za gari, ni Flash of Genius ya 2008. Na ndiyo, Robert Kearns alikuwepo kweli. Jicho lake la kushoto liliumizwa na kizibo cha chupa usiku wa harusi yake, 1953. Baadaye akajiuliza mbona waipa nazo zisipepese kama jicho: zifute, zitulie, zifute tena. Akabuni kifaa cha kufanya hivyo, akawashtaki Ford kwa kukitumia bila idhini yake.

Niliitazama hapa Lamu, mji wa punda, waipa tunazionea bara! Lakini pale mahakamani nilirudia mara mbili. Ford wanadai hakubuni kitu, vipande vyote vya kifaa chake vilikuwa vinauzwa dukani. Naye Kearns anashika kitabu cha hadithi, anauliza: kuna neno humu lisilokuwemo kwenye kamusi? Nikawakumbuka mafundi wetu wa majahazi kule kijijini Matondoni. Mbao na misumari hununua yeyote, jahazi je?

Katikati inapooza kidogo, vumilia. Mwaka 1990 Ford walikubali kumlipa dola milioni 10.2, miaka 12 tangu ashtaki. Mkewe alikuwa ameshaondoka zamani.