Jibu: Land Rover ya zamani kwa safari za kila siku
Ndugu, umeuliza kama Land Rover Series III ya 1978 itakufaa kwa safari ya kila siku kutoka Njoro hadi kazini Nakuru mjini. Itakufaa, mradi usiwe mtu wa haraka. Bodi yake ya alumini haishiki kutu kama chuma, lakini chesi, yaani fremu ya chini inayobeba gari, ni ya chuma, kwa hiyo kabla ya kulipa ingia chini uigonge kwa nyundo ndogo, hasa upande wa nyuma. Yangu ilitoa sauti ya debe bovu, na fundi akachomelea siku mbili. Breki zake ni za dramu, aina ya zamani inayopata moto na kupungua nguvu kwenye mteremko mrefu, hivyo siku ukitoka Eldoret kuja Nakuru, mteremko wa Sachangwan uushuke kwa gia ya chini. Petroli inaibugia kweli, sikufichi.