Ukuta wa kijivu haupatani na sofa zangu, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo dada. Tumehamia kwetu Kinyerezi, sebule ni kama futi 12 kwa 14. Niliona mtandaoni nyumba za watu zimepakwa kijivu zikanivutia, nikamwambia fundi apake hiyohiyo. Sasa sofa zangu ni damu ya mzee, zile za Keko za watu saba, tailizi ni krimu zenye michirizi ya kahawia, pazia za goldi, na ukutani kuna picha ya chui ya Tingatinga, mume wangu aliinunua Morogoro Stores, pale Oysterbay, na hataki kusikia inatoka. Usiku nikiwasha taa sebule inakuwa kama mapokezi ya zahanati, na tailizi zinaonekana chafu hata nikipiga deki mara mbili. Hela ya kubadili sofa sina. Nipake rangi gani? – Mama Wawili

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na hongereni sana kwa kuhamia kwenu. Sofa usiziguse. Tailizi nazo hazina uchafu wowote, tatizo ni kwamba hicho kijivu inaelekea kina bluu ndani yake, na bluu ikikaa jirani na krimu basi jicho linaiona krimu ya njano kuliko ilivyo, ndo maana unapiga deki na roho bado haitulii. Jaribu hivi: shika karatasi nyeupe kabisa uibandike ukutani, hapohapo kijivu kitajionyesha. Halafu chukua mto wa sofa uulaze chini kwenye tailizi, utaona damu ya mzee na ile michirizi ya kahawia zinavyosikilizana. Yaani sebule yako ina rangi zake tayari, mgeni ni ukuta.

Na hapa wengi tunakosea, tunaanza na ukuta wakati rangi ya ukuta dukani wanakuchanganyia yoyote unayoitaka, ila sofa na tailizi nani atakuchanganyia? Anza na visivyobadilika, ukuta uje mwisho.

Wapambaji wana hesabu yao ya 60, 30, 10: rangi moja itawale asilimia 60, ya pili 30, na ile ya kuchangamsha 10. Ni nzuri, ila kwenye sebule zetu inabidi uirekebishe, maana seti ya watu saba kwenye futi 12 kwa 14 haiwezi kuwa 30 hata kidogo, ukifungua tu mlango ndo inakupokea. Kwa hiyo ukuta usishindane nayo. Tafuta ule mchirizi mwepesi kuliko yote kwenye tailizi, ule unaofanana na mchanga mkavu wa ufukweni, rangi hiyo ndo upake, dari iwe nyeupe. Pazia za goldi zitoe, goldi inayong'aa na damu ya mzee zote nzito, weka za rangi moja iliyopoa, Kariakoo hutakosa.

Chui abaki. Picha za Tingatinga tangu Edward Saidi Tingatinga alipozianzisha hapa Dar mwishoni mwa miaka ya 1960 zinapakwa kwa rangi ya mafuta inayong'aa, zimekolea haswa, hiyo ndo 10 yako tayari. Chagua rangi moja humo ndani, tuseme kijani cha majani, tia mito miwili ya kijani hicho na chungu kimoja cha ua, basi, usiongeze.

Ila kabla ya ndoo ya rangi badili balbu! Angalia boksi lake, kama imeandikwa 6500K (hiyo K ni kipimo cha rangi ya mwanga, namba ikiwa kubwa mwanga una ubluu) ndo hiyo inayokuletea zahanati, nunua za 3000K, mwanga wake una unjano kidogo na damu ya mzee inaupenda.

Halafu rangi usiichague kwenye kile kikadi cha dukani. Nunua kopo dogo, paka kipande kikubwa cha boksi koti mbili, kisha kihamishehamishe ukuta kwa ukuta, ukiangalie asubuhi, saa kumi na moja jioni, na usiku taa ikiwaka. Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nilipaka chumba cha watoto nyeupe, nikashangaa kila saa nane mchana kinageuka pinki, kumbe jua linapiga bati jekundu la jirani ndo linaingia dirishani. Na Dar tunavyojenga tumebanana, mwanga mwingi unaoingia ndani umeshagonga kwanza ukuta wa mtu.

SWALI: Dada mambo, nimepanga chumba kimoja Sinza, kuta nyeupe na mwenye nyumba hataki nipake chochote. Nitafanyaje pachangamke? – Kijana wa Sinza

JIBU: Poa kabisa mdogo wangu. Nyeupe imekurahisishia kazi, haigombani na kitu. Weka nguvu kwenye pazia na shuka la kitanda maana kwenye chumba kimoja hivyo ndo vinaonekana kuliko chochote. Pazia litundike juu karibu na dari lishuke mpaka chini, chumba kitaonekana kirefu kwenda juu. Rangi chukua mbili tu, mfano bluu iliyokolea na kahawia ya mkeka wa ukindu, na mkeka wenyewe utandike pembeni ya kitanda, ukiamka mguu ukutane nao.