Mwenyekiti ni mtu wa dini: tuna haki ya kudai hesabu?

SWALI: Assalaamu alaykum, Shekhe. Sisi watu wa Langoni tumenunua hisa katika kampuni ya mashua za abiria, Lamu hadi Mokowe. Mwenyekiti wetu ni haji, na marehemu babake alikuwa mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Mwaka wa pili huu hatujasomewa hesabu. Tukiuliza, twaambiwa tunamdhania vibaya mcha Mungu. Je, tunapata dhambi?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Hampati dhambi. Kudai hesabu ya mali yenu ni haki yenu, na kuitoa ni wajibu wake.

Dhana mbaya ni kusema fulani ameiba na huna ushahidi. Kuuliza mwezi wa Shaaban petroli imekula shilingi ngapi, na risiti ziko wapi, ni swali tu.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, haikushuka kwa swala wala saumu. Inatuamrisha tuandike madeni, madogo kwa makubwa, na tuweke mashahidi. Wa kwanza kuamrishwa walikuwa Masahaba! Basi huyo haji wenu ni nani hata asiandike?

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji. Mwenye nafaka akasema imenyeshewa. Akaambiwa: mbona hukuiweka juu watu wakaiona? Anayeghushi si katika sisi. Nasaba yake hakuulizwa.

Na nasaba ina mipaka. Kenneth Lay, aliyeongoza Enron, kampuni ya nishati kule Marekani, babake alikuwa mhubiri wa Kibaptisti. Kampuni ilianguka 2001, madeni yamefichwa nje ya vitabu, na 2006 mahakama ikamtia hatiani. Siwacheki Wakristo; na sisi tuna wetu, Mungu atusitiri. Malezi ya dini yanafaa, sikatai, lakini faida yake muitazame kwenye daftari, si kwenye kanzu.

Ila adabu muishike. Msimvae msikitini, wala msimtangaze kwenye WhatsApp. Mwandikieni barua, mtie sahihi, muombe mkutano wa wenye hisa na mkaguzi asiye jamaa yake. Akikataa, Sheria ya Makampuni ya Kenya ya 2015 inawalazimu wakurugenzi kutayarisha taarifa za fedha kila mwaka na kuwapa wenye hisa. Nendeni kwa wakili. Na akitangulia kuswalisha, swalini nyuma yake, hayo ni mambo mbali.

Wallahu aalam.