Mke wangu anataka mama apelekwe nyumba ya wazee

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamume wa miaka 44, kitinda mimba kwetu, naishi Nairobi na mke wangu na watoto wawili. Miaka mitatu iliyopita nilimleta mama kutoka Wundanyi baada ya majirani kumkuta mara mbili akizunguka barabarani usiku. Ana miaka 79. Anasahau sana, ananiita jina la marehemu mjomba wangu, usiku anatafuta ndoo akachote maji. Hospitali hatujampeleka kwa kuwa ni uzee tu. Tunamwogesha, tunamlisha, hakosi kitu. Shida yangu ni mke wangu. Siku hizi ana hasira, hapiki kama zamani, na ikifika saa mbili usiku anajifungia chumbani. Mama analalamika kwamba anamwibia pesa na leso. Hana kazi, yuko nyumbani tu, maana kibanda chake cha nguo Gikomba alikifunga mwaka juzi. Sasa ananiambia tumtafutie mama nyumba ya wazee, la sivyo atarudi kwao. Amesikia kuna masista Kasarani. Kaka yangu mkubwa aliye Mombasa anasema Waafrika hatutupi wazazi, na kwamba huenda mama amerogwa. Dada zangu, mmoja yuko Voi na mwingine Doha, wanasema huyu mke hakumpenda mama tangu mwanzo. Nimfanyeje?
Kitinda Mimba, Nairobi

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole. Kumwona mama akiondoka kidogo kidogo huku amekaa mbele yako ni msiba usio na matanga, hakuna anayekuja kukupa mkono. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara namwona mtu mmoja ambaye hukumpa nafasi ya kusema. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Leo lake lipo, nitalisema mimi.

Unasema mkeo hana kazi, na papo hapo unasema alifunga kibanda. Mwanamke aliyezoea kuamka saa kumi alfajiri awahi bale la mitumba likifunguliwa Gikomba hafungi kibanda kwa uvivu. Mama alikuja miaka mitatu iliyopita, kibanda kikafungwa mwaka juzi. Hesabu hiyo hukuifanya, nimekufanyia. Kazi anayo, ya mchana na usiku, isiyo na mshahara wala Jumapili.

Unasema tena "tunamwogesha". Mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake, nawe umelelewa unajua. Basi hiyo "tu" ni nani? Ni mtu mmoja mwenye mikono miwili, anayemvua nguo mama mtu mzima asiyetaka kuvuliwa, anayepigwa makofi na kuitwa mshenzi huku anamsugua mgongo. Na yule anayetafuta ndoo saa tisa za usiku, nani humshika mkono kabla hajafika kwenye ngazi? Ungekuwa ni wewe ungeandika, kwa maana mtu hasahau usiku aliokesha. Umeandika saa anayojifungia, hukuandika saa anayoamka. Mwanamke huyo halali mapema kwa kiburi. Anaiba masaa manne matano ya usingizi kabla zamu haijaanza.

Kuhusu wizi, nisikilize vizuri. Mgonjwa wa kusahau huficha kitu, husahau kwamba amekificha, kisha akikikosa akili yake huokota jibu la karibu: kimeibiwa. Na mwizi huwa ni yule aliye karibu. Dada yako wa Doha hawezi kuitwa mwizi, hayupo. Mama yangu mdogo, ambaye nilimuuguza mpaka mwisho, alinishtaki kwa mchungaji kwamba namwibia. Siku moja nikainua godoro nikakuta ugali, vipande kumi na kitu, kila kimoja kimefungwa kwenye pindo la leso na fundo lake, vimekauka kama mawe. Nilipomuuliza akaniambia kwa sauti ya chini nisivitupe, ni vya watoto wakitoka shule. Watoto hao wana wajukuu. Nenda ukainue godoro la mama yako kabla hujarudia tena neno la wizi mbele ya mke wako, na ukipata leso huko, umpigie magoti.

Sasa hospitali. Mwanangu, hili limenikera kuliko yote. Uzee haumfanyi mtu asimjue mwanawe. Huu ni ugonjwa, madaktari wanauita dimensia, na Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 57 waliokuwa nao mwaka 2021. Aina yake iliyo kubwa, Alzheimer, imebeba jina la daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1906, kwa hiyo si jambo la jana. Haina dawa ya kuiponya. Lakini si kila anayesahau ana dimensia. Upungufu wa vitamini B12 humvuruga mzee, tezi ya shingoni ikilegea humvuruga, maambukizi ya mkojo humfanya aweweseke usiku kucha, na mzee aliyeanguka akagonga kichwa anaweza kuvujiwa damu taratibu ndani kwa wiki kadhaa. Huzuni pia hufanana na kusahau. Hata dawa za mafua na za usingizi zinazouzwa dukani zinaweza kumchanganya. Yote haya hupimwa na mengi hutibika. Miaka mitatu mmekaa na mama bila kumpima hata mkojo, halafu mnabishana nani anampenda! Wiki hii, kabla ya jambo lingine lolote, mpeleke. Nenda wewe, usimtume mkeo.

Na huyo kaka wa Mombasa anayetaja uchawi, mwambie anyamaze. Anaishi jirani na Kilifi, anajua vizuri wazee wangapi wamekatwa mapanga huko kwa kushukiwa, na wengine wamekimbilia hifadhi Kaya Godoma kule Ganze. Mzee anayezunguka usiku akiongea peke yake ndiye wa kwanza kunyooshewa kidole. Leo anasema mama amerogwa. Neno hilo likifika kijijini, kesho litasemwa kwamba mama ndiye mrogi. Kwa hiyo na wazo la kumrudisha Wundanyi na binti wa kuajiriwa wa miaka 17, kama litaletwa, likatae.

Sasa niseme juu ya ndoa za siku hizi, maana nawaona wengi kama wewe. Zamani mama mzee alikuwa wa boma zima. Akitoka usiku mbwa wanabweka, shemeji anaamka, jirani anamrudisha. Wajukuu walilala naye, wake wa wana walipokezana kumpikia, na hakuna aliyehesabu kwa kuwa mikono ilikuwa mingi. Mmechukua mzigo ule ule mkaupandisha ghorofani kwenye vyumba viwili, mkafunga mlango, mkamwachia mwanamke mmoja, halafu mnasema ndivyo Waafrika tunavyofanya. Hapana. Waafrika hatukufanya hivyo hata siku moja. Mwanamume wa leo anataka mila upande wa mke na usasa upande wake: mke amtunze mama mkwe kama bibi zetu walivyofanya, yeye arudi saa tatu usiku ameshakula njiani. Kuoa si kumtafutia mama yako mfanyakazi. Mkaza mwana akimtunza mama mkwe anafanya wema, na wema huombwa, hushukuriwa, hupumzishwa. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia yake na Serikali. Imesema familia. Ninyi mko wanne.

Hao ndugu zako mzigo wa mwenzio wanauona kanda la usufi. Waambie kwenye kundi lenu la WhatsApp, kwa jina la kila mmoja: wa Voi aje akae wiki mbili mkeo aende akapumzike kwao, kwa amani, si kwa ugomvi. Wa Mombasa vivyo hivyo. Wa Doha atume pesa kila mwezi, kiasi kinachojulikana na tarehe inayojulikana. Asiyeweza kuja wala kutoa, asitoe na maoni. Na mama ana zaidi ya miaka 70, je, mmemsajili Inua Jamii, ule mpango wa Serikali wa kuwapa wazee pesa? Shilingi 2,000 kwa mwezi hazimalizi hata daipa, lakini ni zake.

Wewe kwanza utalala na mama usiku saba. Chukua likizo, weka godoro lako mlangoni kwake, mkeo alale chumba kingine mpaka asubuhi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama akiamka kutafuta ndoo, usimwambie hakuna mto hapa. Muulize maji ya mto huo yalikuwaje, na nani walikuwa wakienda naye. Atakujibu kwa Kidawida, lugha ya kwenu Taita, na huenda akakaa. Akisema anataka kwenda nyumbani, usibishane naye kwamba hapa ndipo nyumbani. Anatafuta wakati ambao alikuwa anajua kila kitu kiko wapi.

Baada ya hapo amueni. Pengine mtu wa kulipwa kwa zamu ya usiku atatosha, na mkeo akarudi kwenye biashara. Pengine haitatosha, mama akawa anaanguka, anawasha jiko, anatoka nje. Ikifika hapo nyumba ya wazee si kumtupa. Nasema hivi kwa moyo wote, na najua nitatukanwa. Kumtupa mzee ni kumweka mahali usipofika. Kuna wazee waliotupwa wakiwa sebuleni mwa watoto wao.

Lakini kuchagua ni kazi yako, kwa miguu yako na pua yako. Masista wale wa Kasarani, Nyumba ya Wazee, ni Masista Wadogo wa Maskini, shirika lililoanza Ufaransa mwaka 1839 pale Jeanne Jugan alipompa kitanda chake bibi kizee kipofu. Wanachukua wazee maskini. Ninyi wanne mna kipato; msiende kuziba nafasi ya mzee asiye na mtu. Tafuteni ya kulipia, na muende kuziona angalau tatu.

Usiende saa nne asubuhi kwa miadi, sakafu ikiwa imedekiwa na meneja amevaa tai. Nenda mara ya pili bila taarifa, saa kumi na mbili jioni, wakati wagonjwa hawa huwa na fadhaa kuliko saa zote. Mimi nilikwenda hivyo kumwona jamaa yangu katika nyumba moja ambayo mchana ilinipendeza. Jua halijazama, nikakuta wazee wote wamelazwa, taa zimezimwa, na bibi mmoja amefungwa kwenye kiti kwa leso yake mwenyewe, kiunoni, fundo nyuma asilifikie. Nililifungua mimi. Alikuwa na alama nyekundu tumboni na mkojo ulikuwa umekauka kwenye gauni. Yule mhudumu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa peke yake na wazee kumi na tisa.

Kwa hiyo swali lako la kwanza lisiwe bei. Uliza usiku wanabaki wahudumu wangapi kwa wazee wangapi, kisha mwulize mhudumu mwenyewe pembeni, uone kama jibu ni lile lile. Uliza mzee akikataa kuoga wanafanya nini. Wakijibu "tunamlazimisha," aga uondoke. Wakisema wanamwacha kidogo na kurudi baadaye na mtu mwingine, kaa usikilize zaidi. Uliza wanampa nini asiyelala, na nani ameiandika dawa hiyo. Dawa kali za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa mzee mwenye dimensia, hazipewi ili wahudumu wapumzike. Tazama kucha za wazee, midomo kama imekauka, kikombe cha maji kama kiko mkono unapofika. Tazama kama kuna uwanja wa kuzunguka uliozungushiwa ua, maana mama yako ni mtembezi na atatembea. Uliza kama yupo hata mmoja anayejua Kidawida, kwa sababu Kiswahili kitamtoka kabla ya lugha ya mama yake. Akiugua usiku, nani atampeleka hospitali na kwa gari gani? Daipa zimo kwenye ada au mnalipa kando? Yote hayo yaandikwe kwenye mkataba. Na pakiwa na saa maalumu za ndugu kuja, nyingine hamruhusiwi kabisa, jueni kuna kinachofichwa.

Ukimpeleka, mpeleke asubuhi, si jioni. Aende na kigoda chake, leso zake zile zile hata kama zimechakaa, na kitabu chake cha nyimbo. Waandikie wahudumu karatasi moja: anaitwaje akibembelezwa, hapendi nini, ndoo anaitafuta kwa nini. Kisha uwe unakwenda, wewe, siku ambazo hukusema utakuja.

Umeniuliza umfanyeje mke wako. Leo jioni rudi mapema, umwambie umeona. Halafu muulize kama kile kibanda cha Gikomba bado kinaweza kukodishwa au kimeshachukuliwa na mtu, na kama kimechukuliwa, pango la kingine ni shilingi ngapi.